ASKARI NA ASIMAME NJE YA MLANGO

Katika uchaguzi mmoja uliopita sisi tulikuwa mawakala wa chama katika kituo cha kupigia kura, shule ya msingi ambayo hatuitaji jina. Saa tatu asubuhi mstari wa wapiga kura ulikuwa umefika kwenye mwembe. Bibi mmoja, mtu mzima wa kupata miaka sabini, alifika mlangoni na kitambulisho chake amekifunga katika pindo la leso. Alipotupa jicho ndani alimwona askari ameketi karibu na meza ya makarani, bunduki ameilaza magotini.

Askari yule hakusema neno. Hakumtisha mtu. Labda alikuwa amechoka tu kwa kukesha. Lakini bibi alisimama, akaitazama ile bunduki, akageuka, akatuambia kwa sauti ndogo, "Wanangu, mimi nitarudi baadaye." Hakurudi. Saa kumi na moja jioni mlango ulifungwa, na katika hesabu ya siku ile bibi yule alihesabiwa pamoja na wale ambao hawakufika. Lakini yeye alifika, na sisi ni mashahidi wake.

Ndugu wanachama, jambo hilo ndilo tunalotaka kulisema juma hili. Twataka Bunge litunge sheria ya wazi itakayoweka mpaka baina ya askari wa Serikali na sanduku la kura. Hatusemi askari asiwepo. Twasema asimame nje, mahali palipopimwa, na mlango usifunguliwe kwake ila na mtu mmoja tu, naye ni Msimamizi wa Kituo.

Kwanza tuitazame sheria tuliyo nayo, maana hatupendi kuwalaumu watu kwa jambo tusilolisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 81, yataka uchaguzi uwe wa siri, usio na fujo, wala vitisho, wala ushawishi mbaya. Kifungu cha 239 chavikataza vyombo vya usalama wa taifa kupendelea chama cho chote cha siasa. Kifungu cha 241 chasema kwamba Jeshi la Ulinzi haliwezi kutumwa kurudisha amani mahali penye ghasia ila kwa kibali cha Baraza la Taifa. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yahesabu kuwa ni kosa kuvitumia vyombo hivyo katika kumvuta mpiga kura au kumtisha. Maneno hayo ni mazuri. Waliopigania Katiba hiyo walijua walikotoka.

Sasa shuka kutoka kwenye Katiba uje kwenye Kanuni za Uchaguzi za 2012, zile ambazo Msimamizi wa Kituo huzishika mkononi alfajiri ya siku ya kura. Humo mna orodha ya watu wanaoweza kuwa ndani ya kituo: wagombea, mawakala, makarani, watazamaji, na kati yao polisi walio kazini. Basi. Orodha ile haisemi polisi hao wawe wangapi. Haisemi wasimame hatua ngapi kutoka kwenye kibanda cha kura. Haisemi bunduki iingie au ibaki nje. Mambo yote hayo yameachwa kwa busara ya mkubwa wa siku hiyo. Twajua busara ya wakubwa: leo ipo, kesho amekuja mkubwa mwingine. Mwamba ngoma huvuta kwake. Haki ya mwananchi haiwezi kutegemea kwamba mwamba ngoma wa mwaka huu ni mtu mwema.

Wako watakaotuambia kwamba jambo hili ni dogo, au kwamba ni fikira mpya za vijana wasiojua dunia. Fikira hizi si mpya hata kidogo. Huko Uingereza, mwaka 1735, Bunge lilitunga sheria kwamba askari wa jeshi waliopiga kambi karibu na mahali pa uchaguzi waondolewe siku moja kabla ya kura, wakae umbali usiopungua maili mbili. Miaka michache baadaye, mwaka 1741, askari waliletwa katika uchaguzi wa Westminster. Bunge liliubatilisha uchaguzi ule. Mahakimu walioita askari wakaitwa mbele ya Bunge, wakapiga magoti, na Spika akawakemea hadharani.

Mwingereza, basi, alilijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 200. Lakini alipokuja kutupigisha kura sisi hapa Kenya, katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika, Machi 1957, hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hawakuandikishwa kupiga kura ila kwa cheti cha uaminifu, na cheti kile kilitolewa na watawala wale wale waliokuwa na bunduki na kambi za kizuizini. Wajumbe 8 walichaguliwa, nao waliifanya kazi kubwa ambayo hatutaisahau. Lakini somo tulilofundishwa siku ile lilikuwa hili: kwamba kura ni kitu ambacho Serikali humpa mtu iliyemridhia, huku imesimama karibu ikimtazama.

Uhuru ulikuja, lakini somo lile halikufutika ubaoni. Mwaka 1988 wazazi wetu walipangwa mistari nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama kilichokuwa peke yake, mchana kweupe, machifu na wakuu wa wilaya wakitazama ni nani amesimama nyuma ya nani. Waulizeni wazee waliokuwapo. Wako walioona mstari mrefu ukitangazwa kuwa umeshindwa na mstari mfupi. Wako waliosimama mahali ambapo mioyo yao haikuwapo, kwa kuwa chifu alikuwa akiangalia na shamba halikuwa na hati. Pale bunduki haikuhitajika. Jicho la Serikali lilitosha.

Kisha ukaja mwaka 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa taarifa yake Oktoba 2008, iliandika habari ya Polisi wa Utawala waliotolewa kazini kwao, wakavuliwa sare, wakapelekwa Nyanza wakiwa na nguo za kiraia, ili wafanye kazi ya uwakala wa upande wa Serikali vituoni. Umati uliwagundua, na baadhi yao waliuawa. Hao walikuwa vijana, ndugu zetu. Walikuwa na mama zao kijijini waliokuwa wakingoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni nani aliyewatuma wakafe? Si mpiga kura wa Nyanza aliyewavalisha nguo za raia. Aliyewatuma hakuwapo kituoni siku ile.

Tume hiyo hiyo ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yaliyofuata, na katika hao 405 walikufa kwa risasi. Hatusemi kwamba vifo vyote hivyo vilitoka katika mlango wa kituo cha kura. Lakini twauliza: askari aliyeonekana asubuhi akiwa wakala wa mgombea, atawezaje jioni kwenda barabarani kuwaambia watu watulie, nao wakamsikia? Imani ikishavunjika kituoni haiwezi kuungwa kwa virungu.

Kwa hiyo sheria tunayoitaka ni ngao ya mpiga kura, na ni ngao ya askari pia. Askari mwenye sheria mkononi aweza kumjibu mkubwa wake, "Afande, hapo siwezi kuingia, sheria imenikataza." Asiye na sheria hana jibu ila "Ndiyo, Afande."

Sasa tuje kwa wale wanaotupinga kwa hoja nzito, maana hoja nzito yastahili jibu. Wao husema: paka akiondoka panya hutawala. Askari akitolewa kituoni wahuni wataingia, watachoma karatasi, watapiga watu mapanga. Nao huleta mfano wa Unguja. Tarehe 1 Juni 1961, siku ya kupiga kura, ugomvi ulianza vituoni mjini, watu wakituhumiana wizi wa kura, ukatoka mjini ukaenea mashamba, na kabla haujazimwa watu 68 walikuwa wamekufa. Hatuwezi kulipuuza jambo hilo. Waliokufa Unguja walikuwa watu wa mwambao huu huu, wa lugha hii hii tunayoiandika.

Nao wangependa mfano wa mbali zaidi, sisi wenyewe tutawapa, maana twapenda ukweli kuliko ushindi wa maneno. Marekani, katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe, askari wa Serikali kuu walisimama vituoni katika majimbo kama Kentucky, na watu wakanung'unika kwamba kura zimeamuliwa na mabeberu wenye bunduki. Seneta wa Kentucky, Lazarus Powell, akapeleka muswada, na mwaka 1865 ikapita sheria ya kuwazuia askari na watu wenye silaha wa Serikali kuu wasiwekwe mahali pa kupigia kura. Sheria hiyo, kwa namna yake ya sasa, humfunga afisa anayeivunja hadi miaka 5, na kumkataza asishike tena kazi ya Serikali kuu. Ni sheria nzuri. Lakini itazameni hali ya ndugu zetu weusi wa Kusini. Waliofunguliwa utumwani walipiga kura zao za kwanza chini ya ulinzi wa askari wa Serikali kuu. Ulinzi ule ulipoondolewa mwaka 1877, waliobaki kwenye njia ya kwenda kituoni walikuwa wauaji wa usiku na masherifu waliokuwa upande wao. Mtu mweusi akafukuzwa kwenye kura, na haki yake haikusimama imara mpaka sheria ya mwaka 1965. Hiyo ni karibu miaka 90.

Basi twajifunza nini? Twajifunza kwamba kuna hatari mbili. Iko hatari ya askari aliye ndani mno, na iko hatari ya askari asiyepatikana. Mpumbavu hukimbia moja akaangukia ya pili. Swali lenyewe silo askari awepo au asiwepo. Swali ni hili: yuko wapi, ameitwa na nani, ametakiwa kufanya nini, na akimaliza anaondoka lini? Maswali hayo manne ndiyo sheria yenyewe. Yakijibiwa katika karatasi kabla ya siku ya kura, hayatajibiwa kwa mawe siku ile.

Tena majibu yapo, hatuna haja ya kuyabuni. Bara Hindi, nchi iliyotawaliwa na Mwingereza kama sisi, na ambayo wapiga kura wake ni mamia ya mamilioni, wasimamizi wa vituo hufundishwa kwamba polisi, awe na sare au bila sare, kwa kawaida haruhusiwi kuingia katika chumba cha kura, ila msimamizi mwenyewe akimwita kutuliza ghasia. Huko Ufilipino, Sheria ya Uchaguzi ya 1985 yaeleza zaidi. Askari haingii kituoni ila akiwa anapiga kura yake mwenyewe, na akimaliza aondoke. Wasimamizi wakiona wanahitaji ulinzi, hupiga kura baina yao, huandika wito kwa maandishi na kuutia katika kumbukumbu za kituo, na askari anayekuja hukaa nje, katika mita 30, karibu ya kusikia akiitwa. Nchi hizo mbili zina ghasia zake na wahuni wake, tena wengi. Hawakuandika mambo hayo kwa kuwa kwao ni peponi. Waliyaandika kwa kuwa wanajua ghasia ni nini.

Sisi, basi, twawaomba Wabunge wetu, wa chama chetu na wa vyama vingine, waweke katika sheria mambo haya matano.

Kwanza, askari wa ulinzi wa kituo akae nje, mita 30 kutoka mlangoni, awe na sare, na namba yake ionekane bila mtu kuinama kuitafuta. Bunduki isivuke mlango wa kituo. Askari asiye na sare asiwe na kazi yo yote kituoni ila kupiga kura yake, tena pale alipoandikishwa.

Pili, asiingie ila kwa wito wa Msimamizi wa Kituo, na wito huo uandikwe katika kitabu cha kumbukumbu cha kituo: saa aliyoingia, sababu, na saa aliyotoka. Mawakala wote wasomewe na watie sahihi. Panapokuwa na hatari ya damu aitwe kwa mdomo, na maandishi yafuate ghasia zikitulia. Hatutaki mtu afe akingoja kalamu.

Tatu, wanajeshi wakae kambini siku ya kura na siku ya kuhesabu. Ikihitajika watoke, watoke kwa njia ile iliyotajwa na Katiba, yaani Bunge kwanza, wala si kwa simu ya usiku.

Nne, masanduku yakisafirishwa kutoka kituoni kwenda mahali pa kujumlishia, askari alinde gari na wakala aone sanduku. Wakala asiambiwe hakuna nafasi garini. Penye nafasi ya bunduki pana nafasi ya macho.

Tano, adhabu imwangukie aliyetoa amri. Sheria zetu nyingi humkamata koplo na kumwacha mkubwa. Ikiwa askari ameingizwa kituoni kinyume cha sheria, aulizwe kwanza aliyemtuma, na akionekana ana hatia afungwe na asishike tena kazi ya umma. Mamlaka Huru ya kusimamia Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ipewe nguvu ya kulipeleleza kosa hilo mara moja, kabla mashahidi hawajatawanyika.

Kenya ilikuwa na vituo 46,229 katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Ukiweka askari wawili tu katika kila kituo, umekwisha kupata watu zaidi ya elfu tisini. Hilo ni kundi kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Kundi kubwa namna hiyo haliongozwi kwa busara ya mtu mmoja mmoja. Huongozwa kwa sheria iliyo fupi, ambayo konstebo aweza kuisoma chini ya mti na kuielewa.

Tumeisema Serikali. Sasa, ndugu wanachama, tuseme na nafsi zetu, maana nyani haoni kundule.

Ni vijana wa nani wanaosimama kwenye lango la shule siku ya kura, wamevaa fulana za rangi moja, wengine na rungu ndani ya koti, wakiuliza kila apitaye, "Wewe ni wetu?" Tusijibu kwa haraka kwamba ni wa vyama vingine. Kijana mwenye rungu langoni ni askari asiye na sare wala namba wala sheria, na yule bibi wa leso humwogopa kama alivyoiogopa bunduki, pengine zaidi. Kila kijana wa namna hiyo ni hoja mkononi mwa wale wanaotaka askari wajazwe vituoni. Hatuwezi kuomba Serikali irudi nyuma mita 30 huku sisi tumekaa mlangoni. Tawi lo lote litakalopeleka vijana wenye silaha kituoni limevunja heshima ya chama hiki, hata likishinda kura zote za kata yake. Twaomba viongozi wa matawi waseme hivyo mbele ya vijana wenyewe, na wasiseme kwa kunong'ona.

Yawezekana Mbunge fulani atasema hana habari kwamba wananchi wanalitaka jambo hili. Basi mpeni habari. Kifungu cha 119 cha Katiba champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Bunge halina budi kulipokea. Kila tawi na liitishe mkutano. Hayo mambo matano yasomwe kwa sauti, yajadiliwe, na anayeona yamepungua ayaongeze. Kisha liandikwe ombi, watu watie sahihi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Pelekeni nakala moja Bungeni, moja kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, na moja kwa Mbunge wenu, mkononi mwake, siku anapokuja mazishini au harambeeni.

Na polisi wa kituo chenu wasomeeni pia. Msiwafiche. Wengi wao watafurahi kuliko mnavyodhani, kwa kuwa hakuna askari mwenye akili anayependa kutumwa mahali ambapo sheria haimkingi.

Katiba yaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Hiyo ndiyo tarehe 10 Agosti 2027. Sheria haitungwi kwa siku moja, na sheria inayotungwa wiki tatu kabla ya kura humfikia konstebo baada ya kura. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta wa 2008 tumekwisha kuujenga, na wengine kati yetu walijenga makaburi.

Hatujui kama yule bibi angali hai. Kama yu hai, twapenda siku hiyo afike mapema, afungue pindo la leso, atoe kitambulisho chake, na asione ndani ya chumba kile kitu kingine ila makarani, mawakala, na sanduku.

UHURU NA UMOJA.